Gari Lenye Komeo kwa Nje

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunika mashine yake, akatia picha mbili kwenye mfuko wa vitambaa, akamwambia mumewe anakwenda kununua uzi. Mumewe alikuwa kitandani mwezi wa nne sasa. Mtaa mzima ulimwita Sajini, ingawa vita vyenyewe viliisha miaka arobaini na mitatu iliyopita. Aligeukia ukutani kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Uzi alikuwa nao tele. Alichokosa ni jibu.

Wilayani walikuwa wanachonga jiwe la majina ya waliokufa vitani, na orodha ilikuwa inafungwa kesho yake asubuhi. Jina la kaka yake halikuwemo. Kwenye daftari la jeshi kaka aliandikwa mtoro, na shahidi wa utoro huo alikuwa Sajini mwenyewe, kabla hajawa mume wa mtu. Mpaka anakufa, mama yao alikuwa akienda kuchota maji kwa kuzungukia nyuma ya nyumba za watu, asitazamwe usoni. Karani wa jiwe alikuwa amesema: "Mama, niletee jina la gari alilopanda kaka yako. Kila gari la vita lina kitabu chake. Tukilijua gari, tutajua nani alipanda na nani alishuka."

Sasa kazi ilikuwa kulijua hilo gari. Kaka alikuwa kikosi kimoja na Sajini, na gari lao lilikuwa kwenye picha kubwa ya sebuleni; halikuwa lori wala kifaru. Mbele magurudumu ya mpira, nyuma minyororo. Juu limevikwa mabati mazito yaliyoshonwa kwa misumari ya ribiti, kama sufuria kuu lililofunikwa, na ubavuni ufa mmoja mwembamba. Sajini wa ujana ameliegemea, meno yote nje. Ukimuuliza ni gari gani, anasema amesahau. Huyo huyo anayekumbuka idadi ya vifungo vya koti lake la kwanza la jeshi!

Akaenda kwa Fundi Springi, aliyekuwa karakana moja ya jeshi na Sajini siku zile. Sasa alitengeneza baiskeli uani kwake.

"Karibu shemeji. Leo umekumbuka njia? Au mzee keshatutoka?"

"Angetutoka ningekuja nimevaa vizuri zaidi."

Mzee alicheka, akajifuta grisi, akachukua kioo chake cha kukuzia. Akaitazama picha kubwa. Kicheko kikakatika.

"Hii imesafishwa," alisema.

Ndiyo, ilisafishwa. Alipokuwa bibi harusi wa mwezi mmoja, fundi cherehani aliichukua picha ndogo ya mumewe, akaenda kuikuza iwe zawadi. Kwenye ule ufa palikuwa na madoa matano meupe. Siku zile mpiga picha alifuta madoa kwa wino na brashi nyembamba kama unyasi, na yeye alisimama begani mwake akimsimamia kama anavyosimamia pindo la nguo. Hapo bado. Futa vizuri.

Alipofungua fremu mchana wa leo, ile picha ndogo ya asili alikuta imefichwa nyuma ya kubwa. Akaitoa mfukoni.

Fundi Springi aliweka kioo juu yake. Kisha akampa kioo bila kumtazama.

Madoa matano. Kila doa lina ukucha.

Vidole.

Cha mwisho kimepinda kwa nje. Fundi cherehani alikijua kidole kile. Kilivunjika siku kaka alipomdaka yeye, mtoto wa miaka sita, akianguka kutoka juu ya ukuta.

Uani pakaanza kunuka. Grisi iliyoungua... na nywele.

"Unasikia harufu?" alinong'ona.

"Tangu ulipoingia, shemeji."

Mzee akamsogezea kiti. "Gari la vita komeo lake huwa ndani. Aliyemo ndiye anayejifungia. Tazama hili."

Komeo lilikuwa nje. Na mkono wa Sajini ulikuwa juu yake.

"Tulilitengeneza sisi. Lori bovu, minyororo ya trekta, mabati ya boila. Tukalijaribu, risasi ikapita kama kwenye papai. Wakubwa wakamleta mganga. Akasema chuma kinatoboka kwa sababu hakina roho, kipewe roho ya mtu mzima mwenye nguvu, afungiwe humo akiwa hai. Tangu jioni ile haikupita hata risasi moja."

"Jina lake?"

"Hatukulipatia jina. Wala kitabu hakikuandikwa."

"Na kaka yangu?"

"Mimi nilipiga ribiti tu, shemeji. Sikutazama sura."

"Ukapiga ribiti. Na harusini kwangu ukacheza."

Akakusanya picha zake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani aliwasha taa, akamwekea Sajini picha ndogo kifuani.

"Ulimfungia."

Sajini aliitazama.

"Ilikuwa amri, mke wangu."

"Amri haimwamuru mtu acheke. Alikufa lini?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Tulifungua siku ya nne." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa anayeungama. "Ndani hamkuwa na mtu. Hata kiatu. Tukaandika ametoroka, tungeandika nini? Usiku huo huo akaanza kugonga."

"Kugonga wapi?"

Sajini akamshika mkono, akaubandika kifuani pake.

Ngo...

Ngo...

Ngo...

Miaka arobaini alilala kando ya sauti ile. Daktari aliwahi kumsifia: mzee wako ana moyo wa ng'ombe dume. Lakini moyo hupiga mara mbili mbili. Hii ilipiga moja moja, pole pole, kavu. Konzi juu ya bati.

Fundi aliinama mpaka sikio likagusa ngozi. Ile harufu ilitoka humo humo.

"Kaka?"

Kukanyamaza. Si kimya cha moyo uliosimama. Kimya cha mtu anayesikiliza.

Kisha kukagongwa haraka haraka, kwa mikono miwili.

"Niache nife," Sajini alilia. "Nimechoka naye. Nikifa nitapumzika."

"Wewe utapumzika," alisema mkewe. "Na yeye?"

Akawazia kaburi: udongo juu ya jeneza, jeneza juu ya mifupa, na ndani ya mifupa mtu mzima mwenye nguvu, anagonga.

Asubuhi hakwenda kwa karani. Jiwe lile ni la waliokufa. Saa nne orodha ikafungwa, na kaka yake akabaki mtoro kwenye daftari la serikali.

Yeye alikuwa jikoni anakoroga uji. Akauleta chumbani, akamwinua Sajini kichwa. Sajini akafumba mdomo, akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka masikioni.

Fundi akambana pua kwa vidole viwili, kama afanyiwavyo mtoto mkaidi. Mdomo ulipofunguka, akaingiza kijiko.

"Meza, mume wangu," alisema. "Wewe hufi."