Jina Lililosahaulika Kwenye Wi-Fi

Hebu vuta picha ya sebule moja huko Geita, saa nane mchana. Lukresia ameketi mkekani, anachambua mchele kwenye ungo. Binti yake, Monika, amelala chumbani. Fundi Deusdedit, mgeni kutoka Shinyanga, anakagua kisanduku cha Wi-Fi juu ya kabati.

Mwezi uliopita duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, liliporomoka likamfukia Evance, mume wa Lukresia, simu ikiwa mfukoni. Mwili haukupatikana. Wazee wakazika shina la mgomba badala yake, pamoja na kila kitu chake, asibaki na cha kumrudisha nyumbani. Nguo. Mswaki. Hata chaja. Tangu siku ile Lukresia hakulia. Alipika, alifua, alilala.

"Mayu, mama yangu, huyu Evance ndiye anayemaliza kasi," fundi alitania, akitazama kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyounganishwa na Wi-Fi. "Mwambie apunguze kuangalia mpira!"

Lukresia aliendelea kuchambua. "Yuko wapi?"

"Mbali kidogo. Angalia, ameshika masafa ya chini, yale yanayofika hadi barabarani. Akisogea karibu, simu yenyewe itahamia masafa ya juu. Hayo yana kasi, ila hayavuki kuta nene kama hizi zenu."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Amehama," alisema.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyeingia.

"Evance ni marehemu," Lukresia alisema, kama anayetaja bei ya chumvi. "Jina lake nililiona humo. Nikashindwa kulifuta."

Fundi alinong'ona, "Mama, yuko ndani."

Chumbani Monika akacheka.

"Baba, mbona miguu yako ina matope?"

Ungo ulianguka. Lukresia aliichukua simu ya fundi. Kidole chake kilisimama juu ya jina. Kikabaki hapo.

"Baba, twende wapi?"

Akafuta.

Kicheko kilikatika. Walipoingia, Monika alikuwa amelala peke yake, anapumua taratibu. Sakafu ilikuwa kavu. Ila ukutani ilikuwa imechomekwa chaja, ile iliyozikwa pamoja na mgomba. Ilikuwa ya moto, na waya wake ulidondosha udongo mbichi.

Basi nawe, siku mkimaliza kuzika na kugawa nguo, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mfute na kwenye Wi-Fi.