Maziwa Yaliyoganda Bila Ukwaju

Kila asubuhi kabla ya kengele, Paulina alifagia darasa la sayansi katika shule yao mtaani Kikuyu, Dodoma. Siku hiyo aliuacha ufagio mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mezani, kwenye vikombe viwili vya maziwa alivyovifunika jana yake pamoja na Luka, mwanafunzi mwenzake.

Wiki iliyopita Daktari Erica, mtafiti wa chuo kikuu kule Chimwaga, aliwatembelea na uzi wa shanga uliokunjwakunjwa.

"Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja mpaka upate umbo lake," aliwaambia. "Umbo likivurugika, kazi yake nayo huharibika. Sisi watafiti tunahangaika kujua ni nini hulivuruga. Sitawapa majibu. Anzeni na maziwa: kwa nini huganda? Tafuteni wenyewe."

Kundi ambalo lingefanya vizuri kuliko yote lingetumia likizo katika maabara yake ya Chimwaga. Tangu hapo Paulina hakuwaza kitu kingine.

Yeye na Luka waliamini chanzo ni uchachu. Walichukua maziwa yaliyochemshwa, wakayagawa, kikombe kimoja wakatia ukwaju. Kile kingine kilipaswa kubaki vilevile.

Paulina alifunua cha ukwaju. Maziwa yalikuwa yameganda. Akafunua cha pili: ya humo pia yameganda!

"Tumekwisha," alisema Luka, aliyeingia nyuma yake. "Daktari anafika sasa hivi. Mwaga! Mpishi ana maziwa ya chai ya walimu, nakwenda kuomba kidogo."

"Si ni uongo huo?"

"Jibu tunalijua, Paulina. Hiki kikombe tu ndicho kimetuangusha."

Paulina alijua ni vibaya, lakini Chimwaga ilimvuta kuliko dhamiri. Alimwaga, akasuuza kikombe, akatia maziwa mapya aliyoleta Luka.

Kengele ilipolia na darasa kujaa, Daktari Erica aliingia na Mwalimu Elisha, mwalimu wao wa sayansi. Wanafunzi wakawaamkia. Daktari aliinama juu ya vikombe.

"Hiki kimekaa hapa tangu jana?"

"Ndiyo, Daktari," Luka alijibu haraka.

"Safi sana! Nitawapa wanafunzi wangu matokeo haya, waanzie hapo."

Paulina alishtuka. Watu wazima wataanzia kwenye uongo wake! Luka alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikwisha kumtoka.

"Hapana, Daktari. Maziwa hayo nimeyabadilisha leo. Ya jana yaliganda, nikayamwaga. Nisamehe."

Daktari alimgeukia.

"Basi tusaidiane. Yaliganda bila ukwaju. Uchachu ulitoka wapi?"

Paulina aliyafuata maziwa yale kichwani: zizini, sufuriani, kisha...

"Kibuyu!" alisema. "Niliyaleta kwenye kibuyu ambacho bibi hugandishia maziwa."

"Mlikiosha kwa sabuni?"

"Sabuni, Daktari? Kibuyu cha maziwa!" Paulina alisahau hata aibu yake. "Kwetu husuuzwa kwa maji, kisha hufukizwa moshi. Bibi angenifukuza nyumbani."

"Basi humo walibaki bakteria. Hutengeneza asidi, na asidi hubadilisha namna protini za maziwa zinavyokaa, zikashikamana. Thibitisheni."

Walirudia jaribio. Maziwa ya sufuriani yalibaki vilevile, ya kibuyuni yakaganda. Lakini kwenda Chimwaga lilichaguliwa kundi jingine, na Paulina alilia bila kujificha.

"Mwalimu," Luka aliuliza kwa sauti ndogo, "ingekuwaje kama tungeyaacha yale yaliyoganda?"

Mwalimu Elisha alivuta kiti akaketi karibu nao.

"Daktari alisema hakuna kundi lililopata swali zuri kama lenu. Kikombe mlichokiona kimewaangusha ndicho kingewapeleka Chimwaga. Wanangu, mtafiti akikuta asichokitarajia, hukiweka mezani wote wakione. Paulina, umechelewa kusema kweli, lakini umeisema mwenyewe. Mara nyingine iseme kabla hujamwaga."