Kabichi za Mwalimu Wilhelmina

Gulio la Bariadi lilifurika watu, mbuzi na vumbi Jumamosi hiyo ya mwaka 1973. Mwalimu Wilhelmina, akiwa amevaa gauni la maua lililombana kiunoni na kilemba cha njano, alisimama nyuma ya rundo la kabichi zilizolimwa na watoto wake wa darasa la tano. Serikali ilitaka shule zijitegemee, na yake ilikuwa imejitegemea mpaka kabichi zikakosa mnunuzi. Watu walizigonga kama ngoma, wakacheka, wakapita.

Ndipo akatokea Mayala, karani wa kupima pamba, suruali yake ya bugaluu ikifagia njia.

"Mwalimu, zote hizi zako?"

"Za watoto. Unapenda kabichi?"

Mayala alimtazama yeye, hakuzitazama kabichi. "Tangu utotoni! Nipe zote."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alifika shuleni kwa baiskeli, akawasaidia watoto kuchota maji mtoni na kumwagilia matuta, kisha akaondoka na gunia la kabichi alilolinunua. Wilhelmina alianza kupaka wanja kabla ya kwenda bustanini. Watoto nao walianza kukohoa kwa utani kila kengele ya baiskeli iliposikika.

"Zile za Jumamosi iliyopita ulizipikaje?" Wilhelmina alimuuliza siku moja.

"Kwa karanga, mpenzi. Nimejilamba mpaka kwenye kiwiko!"

Baada ya miezi mitatu Wilhelmina akaamua kumtembelea nyumbani bila taarifa. Mama yake Mayala alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu! Kumbe ndiwe mwalimu? Ahsante sana kwa chakula cha ng'ombe. Njoo umwone ndama wetu alivyonenepa!"

Zizini ndama alikuwa akitafuna kabichi kwa raha zake. Kando yake alisimama Mayala na gunia tupu, mdomo wazi.

"Mina, ngoja nikueleze..."

"Watoto wanabeba ndoo vichwani kwa ajili ya ndama? Na mimi nikayaamini makaranga yako!"

"Majani ya kunde nakula, Mina. Ila hili kabichi la kizungu, harufu yake..."

Wilhelmina hakungoja kuisikia hiyo harufu. Alirudi shuleni akilia kwa hasira. Jumamosi iliyofuata alimfungia Mayala lango la bustani, na kesho yake akapanda basi kwenda Shinyanga kwenye semina ya walimu. Huko usingizi ulimgomea. Uongo ulimuuma, lakini ukimya wa ile kengele ulimuuma zaidi.

Siku ya nne akaitwa kwenye simu, ofisi ya elimu.

"Mina! Mimi Mayala, niko posta Bariadi. Usikate! Watoto wamenifungulia lango, matuta tumeyamwagilia kila jioni. Na leo nimekula kabichi."

"Mwongo wewe."

Sauti nyingine ikaingia kwenye waya. "Kweli, Mwalimu. Mimi Mahona wa mitambo ya simu. Anatafuna hapa mbele yangu, tena mbichi. Foleni nzima inamtazama."

Wilhelmina akajiuma mdomo asicheke. "Haya, Mayala. Tamu?"

Akamsikia Mayala akimeza kwa shida.

"Mbaya, Mina. Mbaya kabisa! Siku ile gulioni nilitaka kusema na wewe, nikakosa njia nyingine. Sitakudanganya tena. Kabichi siipendi. Wewe nakupenda, na nataka nikuoe."

Hapo Wilhelmina akacheka mpaka karani wa ofisi akageuka. Alifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Mayala, nimekubali. Waambie wazee wako waende kwetu kuposa... Mayala? Unanisikia?"

"Hayupo, Mwalimu," alisema Mahona. "Ametoka nje mbio. Nadhani ni ile kabichi."

"Basi mwambie wewe, kaka yangu."

Akasikia kiti kikiburutwa, na Mahona akipaza sauti dirishani: "Mayala! Tema upesi, umepata mke!" Kisha waya wote ukajaa vigelegele vya foleni ya posta.