Mpira wa Mkadam

Cheka tu, mdomo wazi kama chewa! Yaliyomkuta shoga yangu Saleha si porojo, na wewe hukuwepo.

Mumewe wa kwanza, Mkadam, alikuwa na boti yenye mashine kuukuu. Petroli ikigoma kupanda, aliuvuta mpira wa mafuta kwa mdomo, akiibembeleza: "Njoo, mwali, njoo." Siku moja ikampalia, akafa. Saleha akaolewa na Sufiani, mgeni kutoka Kilwa, ambaye hakumjua marehemu ila kwa kumcheka: "Mwanamume gani huyo, kuuawa na mrija?"

Jioni moja walikuwa wakirudi kutoka kisiwa cha Shungimbili na boti ileile ya marehemu, wingu limetanda, mashine ikazima. Mkondo ukaanza kuwapeleka bahari kuu. Sufiani akatikisa tangi, limejaa. Akalegeza kifuniko lipate hewa, akasafisha chujio, akaminya pampu ya mkono. Ikabonyea, isirudi.

"Kuna kitu kinavuta huko ndani," alisema.

"Basi vuta na wewe. Si mwanamume?"

Sufiani akauchomoa mpira kwenye mashine, akautia mdomoni. Katika kile kiza Saleha alisikia mtu akigugumia, kisha kikohozi. Kikohozi kilitoka ndani ya tangi.

Petroli ikapanda, akaurudisha mpira, mashine ikawaka, wakafika kwao Ndagoni. Sufiani akajilaza kitandani. Saleha alipozima taa, alisikia midomo ikinyonya, ikinyonya, na chumba kikanuka petroli.

"Nikupe maji?"

Sauti ya Mkadam ikamjibu kitandani, taratibu: "Njoo, mwali, njoo."

Saleha alitwaa kanga yake, akatoka, akaufunga mlango kwa nje.