Kizibo cha Bluu

SAA MBILI ASUBUHI

Kocha alichora mpango kwa chaki juu ya mlango wa jokofu bovu. Chumba cha nyuma ya duka la fundi kilinuka gesi na jasho. Madirisha yamefungwa. Feni imekufa. Watu wanne ndani, na hakuna aliyekaa.

"Jengo la utafiti," alisema. "Ghorofa ya pili, maabara ya mwisho kulia. Kuna kabati la chuma. Ndani ya kabati kuna mashine, ukubwa wa redio ya mezani. Hiyo, na vichupa vilivyo pamoja nayo. Hatutaki kingine."

"Inachapa noti?" aliuliza Gia. Gia alikuwa dereva. Magari yake yote yalikuwa na breki, mdomo wake haukuwa nayo.

"Inapima dawa. Serikali ina mfuko wa ruzuku kwa watafiti wanaobuni vitu vya kuboresha huduma za umma. Saa nane mchana kamati ya mfuko inakuja kuiona ikifanya kazi. Ikiiona, inatoa ruzuku, na kila hospitali ya serikali inapata mashine yake. Isipoiona, ruzuku inakwenda kwa mwingine."

"Na sisi inatuwasha wapi?"

"Sisi haituwashi. Inamwasha Mgavi."

Mgavi ndiye aliyeziuzia hospitali za serikali dawa, na mji mzima ulijua kwamba hakupata kazi hiyo kwa sura yake. Yule mwanamume mrefu aliyeegemea mlango, aliyeitwa Kimya, alikuwa mtu wake. Aliletwa jana kusaidia. Bisibisi aliujua msaada wa namna hiyo. Ni jicho la tajiri, lina bastola kiunoni.

Bisibisi alikuwa mwanamke mwembamba wa vidole virefu, na kufuli la kumkatalia lilikuwa halijatengenezwa. Kocha alikuwa amemwoa dada yake. Tangu wazazi wao wafe, ndiye aliyekuwa shemeji, mlezi na bosi. Kazi yote aliyoijua, ya halali na ya haramu, alifundishwa na yeye.

Walipokuwa wakivaa ovaroli za mafundi wa viyoyozi, Bisibisi alimsogelea Kocha.

"Dada vipi leo?"

Dada yake alikuwa wodi ya wazazi, mimba imekomaa, miguu imevimba kama mito.

"Wanamchoma sindano, presha haishuki," Kocha alisema. "Jana alisema anaona vimulimuli mchana kweupe."

"Sasa?"

"Leo atapata nafuu."

Alilisema kama mtu mwenye ahadi mfukoni. Bisibisi alitaka kuuliza, kwa nini leo? Hakuuliza. Kazini, swali ni mchanga kwenye kufuli.

SAA SITA MCHANA

Wakati wa chakula jengo lilijimwaga nje. Kocha alimtania dada wa mapokezi hadi akasahau kumwomba kitambulisho. Walipanda ngazi na katoni tupu la kiyoyozi. Gia alibaki kwenye gari, injini inanguruma.

Mlango wa maabara ulimchukua Bisibisi muda wa kupiga chafya. Ukafunguka.

Ndani kulikuwa na mtu.

Mtafiti alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe, chakula chake hakijaguswa. Siku ya kamati, njaa ilikuwa imemkimbia. Akafungua kinywa. Kimya akamwonyesha bastola. Kinywa kikafungwa.

"Mfunge," Kocha alinong'ona, akarudi kwenye korido kulinda. Kimya akamkaza mtafiti kwenye kiti kwa waya wa kompyuta, akaukaza tena bila sababu.

Bisibisi alipiga magoti mbele ya kabati. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Mahali fulani chini mlango ulibamizwa. Kimya akatoka kuchungulia. Kabati likaitika: klak.

Mashine ilikuwa rafu ya chini. Juu yake vilipangwa vichupa vya sindano vyenye kizibo cha bluu. Jana alikuwa amekiona kichupa kama hicho kwenye meza ya dada yake.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Hospitali kuu," mtafiti alisema kwa sauti ya chini. "Wodi ya wazazi."

"Ni dawa ya nini?"

"Ingekuwa ya kuzuia kifafa cha mimba. Lakini ni maji ya chumvi. Akina mama wanakufa, inaandikwa walichelewa kuletwa. Nimepiga kelele mwaka mzima, naambiwa lete ushahidi. Ndio huo umeushika."

"Inapimaje?"

"Tone moja kwenye kile kijisahani. Ikiwa dawa, taa nyeupe. Ikiwa takataka, taa nyekundu." Akamtazama usoni. "Una mtu pale, mwanangu?"

Kimya alirudi. "Maongezi ya nini? Beba!"

Bisibisi akabeba. Vichupa viwili vya bluu alivitia mfukoni mwa ovaroli, vingine kwenye katoni pamoja na mashine.

SAA SABA KASORO

Gari lilikata mitaa. Kimya alikaa mbele na Gia. Nyuma, kati ya mabomba na katoni, Bisibisi alimpigia dada yake simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akamshika Kocha shati.

"Shemeji. Dawa anayochomwa dada ni maji. Ni mzigo wa Mgavi. Turudi."

Alingoja ashtuke. Kocha hakushtuka. Alitazama viatu vyake.

"Ulijua," Bisibisi alisema.

"Nilijua juzi. Daktari mmoja alininong'oneza pembeni. Nikaenda kwa Mgavi nimkabe koo." Alizungumza bila kuinua macho. "Akaniambia, nikabe, mkeo afe. Au niletee mashine, nikupe dawa halisi umpelekee. Ungechagua nini?"

"Na wale wa vitanda vingine?"

"Wana waume zao."

"Shemeji!"

"Wana waume zao!" Sauti ilimkatika. "Mimi nina mke mmoja."

Kimya aligeuza shingo. "Kuna tatizo huko nyuma?"

"Hakuna," Kocha alisema.

Bisibisi alikaa chini. Alimchukia, na alimwelewa, na hakujua kipi kinauma zaidi.

SAA SABA

Ghala la Mgavi lilikuwa baridi na safi. Makatoni yalipanda hadi darini. Mgavi aliwapokea kwa shati jeupe lisilo na mkunjo na tabasamu la mtu wa harusini.

"Wanaume wa kazi! Na dada yetu!" Akaitazama mashine mezani kama anayetazama nyoka aliyeuawa. Kisha akatoa kiboksi. Vichupa, kizibo cheupe. "Ahadi ni deni, ndugu yangu. Halisi hizi. Mkimbizie mgonjwa."

Kocha alikipokea kwa mikono miwili. Akageuka kuondoka.

"Ngoja," Bisibisi alisema. "Tuipime."

"Nani kakuruhusu kuigusa?" Tabasamu la Mgavi lilipungua.

Lakini vidole virefu vilikuwa vimekwishachukua kichupa kimoja, kizibo kimeng'oka, tone limeanguka. Mashine ikaguna.

Nyekundu.

Kocha aliitazama ile taa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Umenibadilishia kizibo tu?"

"Halisi ziko mbali, ndugu yangu. Nilitaka utulie mpaka jioni."

Kocha alimrukia. Meza ikapinduka, na Bisibisi akaiwahi mashine ikiwa hewani. Kimya akafyatua. Akafyatua tena. Kocha aliyumba, akamwacha Mgavi, akamvaa Kimya kwa mwili mzima na kumng'ang'ania mkono wenye bastola. Damu ilitapakaa kwenye makatoni.

"Kimbia!" alikoroma. "Ipeleke!"

"Shemeji—"

"Nimekwambia ipeleke!"

Gia alikuwa amesikia milio. Alilirudisha gari kinyumenyume na kuling'oa lango. Bisibisi akajitupa ndani, mashine kifuani. Nyuma yake bastola ililia mara ya mwisho.

Waliendesha hadi njia panda. Gia alikuwa analia bila kujua.

"Kushoto tunatoka mjini," alisema. "Kulia ni kule tulikotoka, na sasa hivi kumejaa polisi. Sema haraka."

"Kulia."

"Una wazimu."

"Kulia, kaka."

Akatukana, akakata kulia. Karibu na lango la jengo akafunga breki.

"Mimi naishia hapa. Mikono yangu na pingu havipatani."

"Nenda. Asante."

Hakumwona tena maishani.

SAA NANE MCHANA

Polisi wawili walikuwa mlangoni. Bisibisi aliinua mashine juu ya kichwa, damu ya Kocha kwenye mikono ya ovaroli.

"Sina silaha! Nairudisha!"

Walimwacha afike ukumbini kwa sababu hawakuamini macho yao. Kamati yote ilisimama. Mtafiti, alama za waya bado nyekundu kwenye vifundo vya mikono, aliipokea mashine kama mtu anayepokea mtoto.

"Imeanguka?"

"Haikuanguka." Akatoa vile vichupa viwili mfukoni, akampa. "Dada yangu yuko wodi ile. Waambie wasimchome tena!"

Ndipo goti la askari lilipomtua mgongoni. Shavu likalala kwenye vigae. Kutoka pale aliona viatu tu, na akasikia sauti ya mama mzee, mwenyekiti wa kamati: "Weka tone. Sote tuone."

Mguno wa mashine.

"Kingine," alisema yule mama.

Mguno.

Kisha hakusikia neno ruzuku. Alisikia mwenyekiti akiongea na simu, kwa sauti ambayo haikuzoea kubishiwa. "Simamisheni sindano zote za kizibo cha bluu. Si kesho. Sasa. Na tafuteni dawa popote, hata kwa kuazima."

JIONI

Mpelelezi aliingia na kuvuta kiti. Alikuwa mtu aliyechoka, asiyependa kupoteza maneno. Mgavi amekamatwa ghalani, alisema. Kimya ametoroka, anatafutwa. Kamati imeipitisha mashine kwa kauli moja.

"Na mimi?"

"Wizi wa kutumia silaha. Kurudisha kutakusaidia mahakamani. Hakutakufuta."

"Sikuuliza hilo. Dada yangu?"

"Alipata degedege mara moja. Dawa ilifika kutoka hospitali ya jirani, wakampasua. Mzima. Mtoto wa kike."

Bisibisi alifunga macho. Alipoyafungua, mpelelezi alikuwa bado hajaondoka.

"Yule mwanamume," alisema, "tulimkuta ameshakata roho." Akaweka simu mezani. "Dada yako yuko hewani. Wauguzi wameshindwa kumwambia. Wanasema ndugu ni wewe tu."

Pingu ziligongana alipoinyanyua.

"Dada."

"Mdogo wangu!" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilicheka. "Umeshasikia? Paji la uso ni la shemeji yako, ameliiba lote. Namtafuta hapokei. Mko naye? Mwambie aje amwone mwanawe."

Ukutani saa ilipiga hatua zake. Mpelelezi alitazama dirishani.

"Dada," Bisibisi alisema polepole, "uko na nani hapo?"

"Na nesi. Kwa nini?"

"Mpe mtoto ambebe kidogo."