Manjano Machoni

Kambale aliirudisha picha asubuhi, kabla Lucie hajamaliza kufagia vumbi jeusi la mawe ya volkano lililoingia kila siku chini ya mlango wa studio. Hakusalimia vizuri. Aliitoa picha kwenye bahasha, akamwita Lucie nje kwenye jua, akaishika kando ya uso wake mwenyewe.

“Mama Igihozo, angalia macho yangu. Sasa angalia ya mu picha. Mi niko mugonjwa?”

Ilikuwa picha ya ubatizo wa mtoto wake. Kambale na mkewe walisimama mbele ya kanisa. Shati lilikuwa jeupe, gauni la bluu lilikuwa bluu. Lakini weupe wa macho yao ulikuwa wa manjano, manjano mazito kama kiini cha yai.

“Ni encre, Papa Kambale. Tulibadilisha wino ya mashine. Tutakufanyia ingine.”

“Encre inachagua macho?”

Lucie alicheka kidogo, akaichukua picha. Kambale alipoondoka, Lucie alibaki mlangoni akiitazama picha. Manjano yale aliyajua. Aliyatazama kwa wiki nyingi katika macho ya mume wake.

Studio hiyo ya mtaa wa Murara ilikuwa ya mume huyo, Byiringiro. Alipofariki, Lucie aliendelea nayo pamoja na shemeji yake Ruffin, ndugu wa marehemu, aliyekuwa fundi wa kuchapisha. Wino wa kiwanda cha mashine uliwashinda bei, kwa hiyo Ruffin alinunua sokoni Birere chupa kubwa za wino usio na jina, na karatasi zisizo na alama yoyote mgongoni, kama studio nyingi zinavyofanya. Alijua kwamba wino wa namna hiyo unataka uvumilivu. Kila wino na karatasi yake lazima vipimwe pamoja, mashine ifundishwe upya wekundu ni upi na weusi ni upi, la sivyo nguo nyeusi zinatoka kijani na ngozi za watu zinakuwa kama udongo.

Kwa hiyo mwanzoni hakushtuka. Alisafisha kichwa cha mashine. Akachapisha mstari wa kijivu: ulitoka kijivu safi. Akachapisha picha ya ng’ombe malishoni, ya kabichi sokoni, ya keki ya harusi. Zote zilitoka kama zilivyo. Akachapisha tena ile ya Kambale. Macho ya manjano.

“Juu ya nini macho tu?” Lucie aliuliza.

“Karatasi, bila shaka,” Ruffin alijibu, bila kumtazama.

Byiringiro alikuwa amekufa msimu wa mvua uliopita. Ugonjwa ulianzia machoni, ukashuka kwenye ngozi, kisha tumbo likajaa maji. Mwili ulimwasha vibaya, akawa anajikuna mchana kutwa, kucha zikipita juu ya ngozi kavu, kwaru, kwaru, kwaru, hata Lucie akawa anaisikia sauti hiyo akiwa sokoni. Daktari alisema ni ini. Matangani watu walisema neno lingine: sumu. Hakuna aliyetaja jina. Waliyatazama tu masufuria ya Lucie.

Mama wa marehemu, Mukamurenzi, aliteremka kutoka milima ya Masisi kwa ajili ya kilio na hakurudi tena. Alilala chumba kimoja na mjukuu wake Igihozo. Alikuwa na mbabula yake ya kupikia, makaa yake, sufuria yake. Lucie akimkaribisha chai, alijibu “Aksanti, nimeshiba,” akiwa hajala kitu tangu asubuhi.

Lucie naye hakuwa na moyo mweupe. Mteja akiingia, alimwuliza kimoyomoyo: ni wewe? Wewe uliyekuwa ukinywa naye pombe, ni wewe? Hata Kambale alishamwuliza hivyo.

Picha ziliendelea kurudi. Bibi harusi alirudisha zake akilia. Ruffin akachapisha ukurasa mzima wa miraba midogo ya rangi, akauacha ukauke hadi kesho yake, akaupima kwa kifaa alichoazima kwa rafiki yake mchapisha mabango wa Rumangabo, akaitengenezea mashine profil, yaani maelekezo mapya ya rangi. Kijivu kilitoka sahihi kuliko wakati wowote. Majani yalikuwa majani, nyama ilikuwa nyama. Manjano ya machoni yakazidi kukolea. Mwishowe aliosha kila mrija, akanunua wino halisi wa kiwanda, na karatasi zake halisi, akachapisha uso mmoja. Manjano yakawa yale yale.

“Basi si encre,” Lucie alinong’ona.

“Si encre,” Ruffin alikubali. “Na si karatasi.”

Walitazamana. Tangu siku ile, Ruffin hakukaa tena akiipa mashine mgongo, na Lucie aligundua kwamba hata yeye shemeji yake hampi mgongo: husubiri atoke kwanza chumbani.

Kisha ikaja harufu. Ilikaa kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mlimokuwa na mashine: harufu ya mashuka ya mgonjwa yaliyofuliwa kwa sabuni nyingi na bado hayajatakata.

Alasiri moja mvua ilinyesha mpaka barabara ikawa nyeusi inayong’aa, umeme ukakatika mtaa mzima, na Ruffin alikuwa amekwenda Munigi kupiga picha za mahafali. Lucie alikuwa mezani akikata picha za pasipoti kwa mwanga wa mlango. Aliisikia kwanza kama mvua juu ya bati. Halafu akasikia kwamba haitoki juu. Ilitoka chumba cha nyuma, kwaru, kwaru, taratibu, kama kucha juu ya ngozi kavu, na akajiambia ni panya, akajiambia ni maji yanayopita ukutani, akasimama huku mkasi uko mkononi na miguu ikimpeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hakutaka kwenda, akasukuma pazia, na pale gizani, waya wa mashine ukiwa umechomolewa na kuning’inia pembeni ya meza ambapo Ruffin aliuacha, kile kichwa cha mashine kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, na karatasi ilikuwa ikitoka polepole kama ulimi, nyeupe, nyeupe, nyeupe tu, mpaka katikati yake yakatokea madoa mawili ya manjano, yaliyoachana kama macho yanavyoachana kwenye uso wa mtu.

Alirudi nyumanyuma hadi akagongana na mtu. Alikuwa Mukamurenzi, amekuja na mwavuli kumchukua Igihozo, aliyekuwa amelala kwenye benchi la wateja. Bibi kizee alimpita, akaichukua ile karatasi ikiwa mbichi, akaiweka kifuani.

“Mutoto yangu,” alisema. “Amekuja kuonyesha ule alimuua.”

Hapo Mukamurenzi akatoa amri, na hakuna aliyethubutu kuipinga. Jumamosi familia itakutana studio. Kila mmoja atapigwa picha. Yule ambaye macho yake yatatoka manjano, ndiye. Alimwita Habarurema, mdogo wa marehemu mume wake, aje kutoka Munigi kuwa shahidi. Halafu akamgeukia Lucie.

“Kama ni weye, unaacha mutoto, unaenda. Na unashukuru kama tunakuacha unaenda.”

Lucie hakuwa na wa kumsemea isipokuwa Mama Clotilde, mwanamke wa kundi la maombi la parokia, ambaye watu walimwita panapokuwa na nyumba isiyolalika. Alimsimulia yote. Clotilde alisikiliza, halafu akasema tu, “Nitakuja. Batu bakifa habaingie mu mashine.”

Jumamosi walikaa chumba cha nyuma kwenye viti vya wateja, Clotilde na Igihozo wakiwemo, magoti karibu yagusane. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba Habarurema alifunika pua kwa kofia. Ruffin alimpiga picha kila mtu mzima wa familia ukutani, akakaa kwenye kompyuta, akachapisha. Ya Mukamurenzi: macho meupe. Ya Habarurema: meupe. Yake mwenyewe: meupe. Mashine ikakwaruza tena, na Ruffin akaibeba karatasi ya mwisho hadi mlangoni penye mwanga, na hakuna aliyehitaji kusogea ili aone. Macho ya Lucie yaliwaka manjano.

Mukamurenzi alilia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata makaburini. Habarurema alisimama, akamshika Igihozo mkono. Mtoto alianza kuuvuta mkono wake. Ndani yake Lucie alisikia swali la ajabu: labda ni kweli? Labda nilimpa kitu bila kujua?

“Mungoje,” Ruffin alisema.

Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Alirudi kwenye kompyuta, akaigeuza ili wasione kioo.

“Mashine inaweza kukosea. Niko narudilia ya Mama Igihozo. Moja tu.”

Wakasubiri. Mashine ikajikuna. Karatasi ikatoka kichwa chini, na kabla uso haujatambulika, manjano yalikuwa yamekwisha kuonekana. Habarurema akatikisa kichwa. Ruffin akaichomoa, akaigeuza, akaishika juu ili wote waone.

Haikuwa Lucie. Ilikuwa picha ile ile ya Mukamurenzi, kilemba chake, mikunjo yake, mdomo wake uliofumbwa kwa hasira. Na macho yake yalikuwa manjano.

“Nimesema ni ya Lucie,” Ruffin alisema. “Lakini nimetuma yako, Mama. Kwanza ulitoka macho meupe. Sasa umetoka hivi. Hii kitu haijui nani aliua. Inapaka ule mutu tuko nawaza.”

Clotilde ndiye aliyeinuka.

“Si Byiringiro,” alisema. “Byiringiro amelala. Hii ni jini, inavaa rangi ya ugonjwa yake, inakula ile muko nayo mu roho. Mulishuku kila mutu, ikapaka kila mutu.” Alimtazama Lucie, na Lucie akainamisha kichwa, kwa sababu aliwakumbuka wateja wote. “Haitatoka kama munaiwekea chakula. Kila mutu aseme mbele ya Mungu: sishitaki mutu.”

Habarurema alisema, akauachia mkono wa mtoto. Ruffin alisema. Lucie alisema huku akilia. Mukamurenzi alikaa kimya, karatasi yenye uso wake imelala mapajani. Alipozidi kunyamaza, mashine ilianza kukwaruza yenyewe, bila karatasi, haraka, haraka zaidi, kwa nguvu hata meza ikatembea, na ile harufu ikawajaa vinywani kama kitu cha kumeza, na Clotilde akawa anaomba kwa sauti juu ya kelele hiyo, mkono wake juu ya kifuniko cha mashine, sauti ikikauka, na Igihozo amejificha ndani ya kitenge cha mama yake akiziba masikio, mpaka bibi kizee akapiga kelele akiutazama ukuta:

“Sishitaki mutu! Mutoto yangu alikufa na ugonjwa! Sishitaki mutu!”

Mashine ikasimama. Maji ya mvua ya jana yalidondoka mahali fulani kutoka kwenye bati. Harufu ilikuwa imeondoka, kama mlango uliofungwa. Mukamurenzi alinyoosha mkono, akamvuta Lucie, wakalia pamoja sakafuni.

Walimimina wino wote kwenye ufa wa jiwe la volkano nyuma ya studio, Clotilde akanyunyiza maji ya baraka, na mashine ikajazwa wino mpya. Kambale alipata picha yake nyingine, akailinganisha na uso wake juani, akacheka. Wateja walirudi. Ulipofika wakati wa kuondoa kilio, yaani kumaliza msiba, familia yote ilipigwa picha pamoja mbele ya nyumba, kisha Mukamurenzi akarudi kwake Masisi, akiwa ameacha mbabula yake kwa Lucie.

Jumatatu iliyofuata Lucie ndiye aliyeichapisha picha hiyo ya familia. Ruffin alikuwa mbele akifuta lenzi. Wakati mashine ikifanya kazi, Lucie alikuwa akiwaza mambo ya kawaida, na katikati yake likapita jambo moja dogo alilokuwa amelisahau. Byiringiro alipokuwa mgonjwa, kulikuwa na dawa ya mizizi kwenye kidumu, iliyoletwa kila jioni. Aliyeileta ni Ruffin. Na siku ile ya Jumamosi, wote walipokuwa wamechanganyikiwa, ni Ruffin peke yake aliyejua haraka hivyo jini linavyofanya kazi. Aliwaza hivyo tu. Lilikuwa wazo la kupita.

Picha ilitoka. Mukamurenzi, macho meupe. Habarurema, meupe. Igihozo na Lucie mwenyewe, meupe. Ruffin alikuwa amesimama nyuma yao wote, anatabasamu, na macho yake yalikuwa manjano.

Lucie aliigeuza picha haraka, lakini Ruffin alishafika kwenye pazia.

“Imetoka muzuri?”

Ruffin aliichukua taratibu mkononi mwa Lucie, akaenda nayo mlangoni, kwenye jua. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Mama ako Masisi,” alisema hatimaye, kwa upole. “Baba mudogo ako Munigi. Mutoto ako ku masomo.” Akainua uso. “Hapa tuko babili tu, Mama Igihozo. Nani ananiwaza?”

Lucie alimtazama machoni, yale macho yake halisi, yaliyofunguliwa kwenye mwanga wa mchana, na akayatazama sana, na hakuweza tena kujua yana rangi gani.