Mguu wa Alumini

Kilichomshtua Bi Taratibu kwanza hakikuwa sauti wala kivuli. Kilikuwa mstari mdogo wa kijani kwenye skrini ya mashine, ule unaoonyesha kisu kinapata taabu kiasi gani kikikata chuma. Mstari ulikuwa umepanda hadi nusu, na kisu kilikuwa hakijagusa chuma chochote.

Alikuwa anakata hewa. Ndivyo mafundi wanavyoita kuiendesha programu mpya huku kisu kimeinuliwa shubiri nzima juu ya chuma, ili kwanza waone kitapita wapi. Wenzake waliona huko ni kupoteza muda, hadi mmoja wao aliposahau nukta katika namba moja tu, kisu kikazama mezani, kichwa cha mashine kikapinda, na kazi akaipoteza siku hiyohiyo. Bi Taratibu huu ulikuwa mwaka wake wa tisa na hajavunja hata kisu kimoja. Wakimtania, huwajibu kwamba mwenda pole hajikwai, kisha anaendelea na mambo yake.

Jumamosi ile wenzake waliondoka saa sita mchana. Yeye alibaki na mashine ya pembeni, iliyokaa miezi mitatu bila kazi, mlango wake wa kioo ukiwa wazi muda wote huo. Saa tisa alitakiwa kumchukua bintiye wa miaka saba kwa jirani. Mtoto huyo ndiye pekee aliyekuwa naye duniani, na alishaweka nadhiri kwamba vidole vyake havitaijua grisi. Atasoma, atafanya kazi ya kukaa kitini, na karakana ataisikia kwenye hadithi za mama yake tu.

Akabonyeza kitufe chekundu. Kisu kikasimama, lakini ndani ya mashine kitu kikaendelea kulia kwa kwikwi, kama mtoto aliyeamriwa anyamaze.

Alijiambia ni beringi. Akafungua mlango wa kioo, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Meza ilikuwa tupu, isipokuwa jiliwa la kubania chuma na pande la alumini alilolibana mwenyewe. Hapo akakumbuka kwamba jirani anamsubiri, akachukua mkoba na kuelekea mlango mkubwa.

Alitoka, jua likampiga usoni, akavuta hatua ya pili na kujikuta amesimama tena mbele ya mashine ya pembeni, akageuka akatoka kwa mlango wa nyuma, akajikuta palepale, akapanda dirishani huku anasoma dua zote alizofundishwa utotoni na nyingine alizozitunga papo hapo, akaruka upande wa pili, na miguu yake ikatua kwenye vumbi la chuma mbele ya kioo kilekile, huku saa ya ukutani ikimwonyesha kwamba hata dakika moja haijapita.

Hapo aliogopa kweli. Akafanya kitu pekee alichojua kukifanya, nacho ni kukagua. Akafungua maji ya kupoozea. Maji meupe yakamwagika kutoka juu, na katikati ya hewa yakagawanyika, yakafuata bega dogo, yakafuata mgongo uliojikunja, yakafuata paja. Chini ya goti la kulia yakaanguka moja kwa moja mezani.

"Umemkata mwanangu," sauti ya mwanamke ikasema nyuma ya shingo yake. Haikuwa na hasira.

"Sikumwona, mama. Wallahi sikumwona."

"Ulipima chuma, ukapima kisu, ukapima meza. Humu tunaishi, na hodi hukupiga."

Sauti ikamwambia amrudishie mtoto mguu, na mlango utamfungukia.

Bi Taratibu alitoa kisu, akaweka kidole cha kupimia, kile kisindano chenye goroli nyekundu inayolia ikigusa kitu. Akakishusha kwa mwendo wa chini kuliko wote. Kilipolia hewani, mtoto alishtuka na maji yakaruka. "Tulia, mwanangu," alinong'ona, kisha akaona haya kwa neno hilo. Akagusa goti sehemu ishirini, akapima mguu mzima wa kushoto aupate mwenzake, akaandika programu. Sauti ikamhimiza. Akaomba radhi, akaisoma programu upya mara tatu, na ile mara ya tatu akaikuta nukta moja imekaa nafasi siyo. Akairekebisha. Kama asingeisoma tena, kisu kingelipitia hata lile goti.

Akamwomba mama mtu ampakate mtoto mbali na meza. Akapiga hodi kwenye kioo, akasubiri, akakata hewa. Safari hii mstari wa kijani haukupanda. Ndipo akakata alumini.

Alipouweka gotini pa mtoto, mguu ulikaa sawasawa. Maji yakaonyesha mtoto akisimama, akaenda hatua moja, akaenda ya pili, na chuma kikagonga meza kila alipokanyaga. Kilio kikakoma. Mlango mkubwa ukafunguka wenyewe, na sauti za barabarani zikaingia.

"Nenda," sauti ikasema. "Mwakani utamtengenezea mwingine. Mtoto hukua."

"Hukua mpaka lini?"

"Wetu hukua miaka mia tatu."

Bi Taratibu nusura acheke kwa kuona tundu la kutokea. "Mama, mimi hata arobaini sijui kama imebaki. Nitakufa."

Sauti ikasema kwa upole, mzazi kwa mzazi, "Najua. Ndiyo maana nimekuachia binti. Mfundishe."

Saa tisa kamili alikuwa mlangoni kwa jirani. Binti alimkimbilia, naye akamkumbatia akalia hadi jirani akamletea kiti. Siku mbili nzima alitafuta njia nyingine na hakuiona. Jumatatu alimwomba bosi ruhusa ya kuja na mtoto kila Jumamosi, aizoee mashine ya pembeni. Bosi alicheka, akasema hajawahi kumwona Bi Taratibu akiwa na haraka ya jambo lolote, sembuse la kurithisha kazi. Bi Taratibu naye akacheka, maana alishindwa afanye nini kingine.